Namba Nane Haiguswi

Kulikuwa na njia nne za kuongeza vitu ndani ya gemu ya kompyuta zama zile. Mie nimezijaribu zote nne, na tatu kati ya hizo nilizitukana mbele za watu. Nalisema mapema ili usinidhanie mtu mpole. Sikuwa mpole, na sasa nimepunguza kwa sababu ya presha tu, daktari kanikataza.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mpira wa miguu. Wachezaji walikuwa na vichwa vya pembe nne na mikono isiyo na vidole, lakini ukikaa mbele yake dakika tano unayasahau hayo, unaanza kumfokea mwamuzi. Vile vitu vya kuongeza tuliviita nyongeza: jezi, viwanja, majina, timu nzima ambazo waliotengeneza gemu hawakuzijua wala hawakuwa na haja nazo. Sie wa Temeke tulikuwa miongoni mwa hao wasiohitajika. Hakuna mtu aliyekaa kitako huko Ulaya akasema ngoja niiweke timu ya mtaa wetu.

Aliyeiweka ni kaka yangu.

Kaka alikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Ikaja ile miaka ya kupunguza watu, kila ofisi inapunguza, naye akapunguzwa. Siku ya kuagwa wakampa kompyuta kuukuu waliyokuwa hawaitaki tena, ndiyo asante yenyewe. Akaja nayo nyumbani juu ya mkokoteni, kaifunika kanga ya mama ili isiingie vumbi. Mama aliizunguka mara mbili, akauliza kama inapika. Kaka akamwambia haipiki. Mama akasema basi iwekwe chumbani kwako, sebuleni wanakaa watu.

Hiyo njia ya kwanza, ya mkono, ndiyo aliyotumia yeye, na ndiyo pekee ambayo sikuwahi kuitukana. Ndani ya gemu palikuwa na sehemu ya kubadili wachezaji mmojammoja. Unachukua timu ya huko kwao, unafuta jina, unaandika lako. Unachagua rangi ya ngozi, nywele, jezi. Halafu kila mchezaji unampangia alama, kuanzia moja hadi tisini na tisa: mbio, shuti, kichwa, pasi. Kaka alikaa wiki tatu kwenye kazi hiyo, maana kulikuwa na mgao wa umeme na siku nyingine unarudi saa nane mchana, unakatika saa tisa. Akawaingiza vijana kumi na mmoja wa mtaani kwetu, naye akiwemo, tangu kipa hadi yule wa kushoto aliyekuwa anacheza na soksi bila viatu. Yeye mwenyewe akajipa namba nane, namba aliyokuwa anaichezea uwanjani. Mbio akajiwekea tisini na tisa. Pasi akajiwekea moja.

Nikamuuliza, "Pasi moja? Ya nini kujidhalilisha hivyo?"

"Si nyie wenyewe mnasemaga mie mchoyo?" akasema. "Nisidanganye."

Na kweli alikuwa mchoyo. Akishaupata mpira anainamisha kichwa, anatanua mikono, anakwenda nao mpaka apoteze au afunge. Mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele, toa pasi, toa pasi. Hatoi.

Njia ya pili ilikuwa ya disketi, mkono kwa mkono. Habari zilienea kwamba Temeke kuna jamaa ana timu yake mwenyewe kwenye gemu, wakaanza kuja watu wa kuinakili. Faili lenyewe lilikuwa dogo, lilikaa kwenye disketi moja na nafasi ikabaki. Kaka akawawekea sharti: ukiichukua timu unamweka mtu wako, ndugu au rafiki, yeyote unayemtaka, na ukimpa mwenzio naye anamweka wake. Unaweza kumtoa yeyote kumpisha huyo mtu wako. Isipokuwa namba nane. Namba nane haiguswi.

"Mie siuzwi wala sikai benchi," alikuwa anawaambia, na wao wanacheka na kukubali.

Mie sikuwapenda hata chembe. Walikuwa wanaingia chumbani na viatu, wanakunywa chai yetu, disketi zao zina mchanga na kila ya tatu ina virusi. Mmoja alitoka Kinondoni, alikuwa karani pamoja na kaka kule bandarini, huyo angalau alikuwa anavua viatu. Nikamwambia kaka kwamba timu yake itaharibiwa na watu asiowajua. Akasema ataharibikia wapi mtu akiwa anapita kwa watu?

Kisha kaka akaondoka. Hakuaga. Vijana wengi wa Temeke wa wakati ule walikuwa na wazo hilohilo, kuzamia meli, na aliyefanya kazi bandarini anazijua meli na malango yake. Tuliamka asubuhi kitanda kimetandikwa, na kaka hakuwahi kutandika kitanda maishani mwake. Mama alipoona shuka limenyooka akakaa chini sakafuni.

Miezi ikapita, mwaka ukapita, hakuna barua. Ukaenda wa pili. Ndipo akarudishwa kijana mmoja wa mtaa wa tatu, aliyekuwa naye melini. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda kumuuliza. Yule kijana alisema walikuwa watano mle walimojificha, mabaharia wakawakuta baharini, na bandarini waliposhushwa walishuka watatu. Mjomba akamuuliza wale wawili wako wapi. Yule kijana akaanza kufunga kamba za viatu vyake, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Mjomba hakurudia swali.

Mjomba alikuwa mtu wa msikitini, mtu mwema, nimlaumu kwa lipi. Akamwambia mama kwamba sasa inatosha, mtoto asomewe hitima, apate dua zake. Mama akasema mwanawe hana kaburi na hasomewi. Mjomba akasema wangapi hawana makaburi na wamesomewa. Mama akainuka akaenda kuchuja tui.

Sasa nikueleze kuhusu mama na ile gemu. Kila siku baada ya alasiri mama alikuwa anakaa kwenye mbuzi yake kukuna nazi, na tangu kaka aondoke aliihamishia mlangoni kwa chumba cha kaka, pale kompyuta ilipo. Kama umeme upo, mie nawasha, nacheza na timu ya kaka. Mama anakuna, haangalii moja kwa moja. Halafu anauliza, "Kacheza?"

"Kacheza."

"Kafanyaje?"

Namwambia. Nataja jina lake, jina lile la mpira: kafunga bao moja, kakosa moja, kanyang'anywa mara sita. "Mchoyo," anasema mama, anaendelea kukuna. Nilijifunza kumpelekea mpira namba nane kila nafasi ikipatikana, hata kama mwenzie yuko peke yake langoni. Tulifungwa sana kwa ajili hiyo, lakini nilikuwa na la kumjibu mama.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kuchapa kwenye stesheneri moja ya mjini: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi. Huko ndiko nilikozijua zile njia nyingine. Ya tatu ilikuwa sidii za bure zinazobandikwa kwenye magazeti ya kompyuta ya Ulaya. Magazeti yenyewe yalifika Dar yakiwa yamezeeka, yanapangwa chini kwa wauza vitabu vya mitumba. Unainunua, unakwenda nayo ofisini maana kompyuta ya nyumbani haina pa kuingizia sidii, unaifungua, unakuta vitu mia mbili na vyote vinadai mashine mpya kuliko yako. Nilinunua mbili. Ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo, ya pili ilikuwa na nyongeza za kuendesha ndege. Niliirudisha kwa muuzaji nikamwambia maneno ambayo siyaandiki.

Ya nne ilikuwa intaneti. Ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa kafe moja karibu na ofisi, kompyuta sita na kiyoyozi, na ukiingia unaongea kwa sauti ya chini mwenyewe bila kuambiwa. Humo nikakuta ukurasa mzima wa nyongeza za gemu yetu. Zimepangwa vizuri, hii ya jezi, hii ya nyasi, hii ya nyavu. Hakuna wa kukuomba chai wala wa kuingia kwako na viatu. Unabonyeza, unasubiri. Laini inakatika, unaanza upya. Nikajisemea hii sasa ndiyo kazi ya watu wenye akili, siyo ile ya disketi zenye mchanga.

Kwa nini nilizitaka jezi? Kwa sababu mama siku moja aliinua kichwa kwenye nazi yake akasema, "Hiyo jezi yake imepauka." Basi. Nilitaka amwone mwanawe kwenye jezi nzuri na nyasi za kijani. Nilikwenda kafe jioni tatu mfululizo mpaka nikaipata nyongeza yote, imegawanyika kwenye disketi tatu.

Nikafika nayo nyumbani Jumamosi mchana, umeme upo. Nikaanza kuiingiza. Katikati mashine ikauliza swali: kuna faili lenye jina hili tayari, niweke jipya mahali pake?

Sasa pale ofisini kwetu tulikuwa na utaratibu. Bosi alikuwa anaogopa mashine kukwama mteja akiwa amesimama, kwa hiyo alitufundisha wote neno moja: ikiuliza, jibu ndiyo. Husomi, hufikiri, kidole kinakwenda chenyewe. Nilikuwa nimejibu ndiyo mara mia kwa siku kwa mwaka mzima. Nikajibu ndiyo.

Nilipofungua gemu, nyasi zilikuwa za kijani kweli. Jezi zinang'aa. Na timu yetu haipo. Pale ilipokuwa pamekaa timu ya Ulaya, wazungu kumi na mmoja na makocha wao. Nilitafuta timu kwa timu, nchi kwa nchi. Namba nane wote walikuwa watu wengine.

Nikakumbuka kaka aliacha nakala ya akiba ya timu kwenye disketi moja ya bluu, ndani ya bahasha. Nikaenda kabatini, bahasha ipo na disketi haipo, na papo hapo nikajua iko wapi. Miezi mitatu nyuma disketi ziliadimika ofisini, kila mmoja akaambiwa alete za kwao, nami nikaibeba ile ya bluu. Kila Ijumaa zilikuwa zinafutwa zote na kuanza upya. Juu yake sasa ulikaa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili. Nilitamani kujipiga makofi, na nikajipiga kweli, mawili.

Mama alipokuja na mbuzi yake nikamwambia kompyuta imeharibika. "Haya," akasema. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuleta mbuzi mlangoni, akakunia nazi uani. Na tangu hapo nikagundua kwamba hataji habari za kaka kabisa, hata kidogo. Nyumba ikawa kimya, anapika, analala.

Mjomba akaja akauliza tena habari ya hitima, na safari hii mama hakukataa. Alinyamaza. Mjomba akasema basi nitakuja Jumapili ya wiki ijayo tuzungumze siku. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo mkononi, nikaingiwa na hofu sijapata kuiona. Kama kaka atasomewa hitima wiki hiyo, aliyemzika nitakuwa mie, kwa kidole changu, kwa sababu ya nyasi. Nilikuwa na siku nane.

Nikaanza na Kinondoni, kwa yule karani mwenzake kaka. Nilimkuta, akanikaribisha vizuri, akanionyesha kompyuta yake imefunikwa kitambaa. Ilikuwa imeungua. Umeme ulirudi kwa nguvu siku moja baada ya mgao ikatoa moshi. Kwenye disketi hakuwa nayo. Lakini akasema alimpa timu jamaa mmoja wa Sinza, anakaa mapokezi kwenye gesti, kule wana kompyuta ya kuandikia wageni.

Nikaenda Sinza. Mie mtoto wa kike, peke yangu, saa tano asubuhi, naingia gesti. Watu wa baa ya jirani walinitazama wakacheka, nami nikawatazama mpaka wakaacha. Mapokezi palikuwa na kijana mrefu, nikamsalimia, nikamweleza kuwa natafuta timu ya Temeke. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mzaramo.

"Aa, mtani," akasema. "Mie Mnyamwezi wa Tabora. Sasa Mzaramo umekuja kutafuta mpira gesti? Ungesema umekuja kutafuta ngoma ningeelewa."

Nikamwambia nyie mliokuja pwani mmebeba mizigo vichwani mnajua nini habari za mpira. Akafurahi sana, akaniletea soda. Unajua utani wetu na Wanyamwezi, hauna pa kukasirikia, ukikasirika umejivunjia heshima mwenyewe. Lakini nilipomwambia kwamba mwenye timu ndiye kaka yangu, akauacha utani, akakaa sawasawa.

"Wewe ni dada yake namba nane?"

"Ndiye mie."

"Mchoyo yule," akasema kwa upole. "Mie nimeishi naye hapa mwaka mzima. Wageni wakilala mchana, mie na yeye." Hakuwahi kumwona kaka yangu hata siku moja. Na timu hakuwa nayo tena, bosi wake alileta fundi, fundi akasafisha kompyuta yote. Ila alimpa mwalimu mmoja wa Bunju aliyewahi kulala pale wakati wa kusahihisha mitihani. Akanichorea njia ya kufika kwenye karatasi ya risiti.

Bunju wakati ule ilikuwa bado mashamba mengi na nyumba za kuhesabika. Nilifika Alhamisi mchana. Mwalimu alikuwa mtu wa kusini, wa Masasi, Mkristo, mpole kupita kiasi, ananiita dada kwa kila sentensi. Kompyuta haikuwa yake, ilikuwa ya shule, msaada wa wafadhili, imefungiwa kwenye kabati la chuma na funguo anazo mwalimu mkuu. Tukamsubiri mwalimu mkuu. Nikampa shikamoo zote nilizokuwa nazo. Akafungua.

Timu ilikuwepo.

Niliangalia orodha nikashindwa kuielewa mara ya kwanza. Kipa wetu hayupo. Yule wa soksi hayupo. Vijana kumi wa Temeke wote walikuwa wametolewa, mmojammoja, kila mtu kamweka wake: mtu wa Kinondoni, watu wawili wa Sinza, mtu wa Tabora, mdogo wake mwalimu aliyebaki Masasi, na wengine ambao hata mwalimu hakuwajua. Na katikati yao namba nane, jina lake, mbio tisini na tisa, pasi moja. Nikamuuliza mwalimu kwa nini hawakumtoa.

"Tuliambiwa haiguswi, dada," akasema. "Nami niliwaambia hivyo hivyo niliowapa."

"Uliwapa wangapi?"

Akafikiri. "Wanne. Mmoja yuko Bagamoyo."

Nililia pale shuleni, mbele ya mwalimu mkuu, na sioni aibu. Kwa miaka yote nilikuwa nawasema watu hawa, viatu vyao na mchanga wao. Ile intaneti yangu safi ilinipa kila kitu nilichokitaka na haikuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza.

Niliinakili timu kwenye disketi, na nyumbani nilimwambia mama ukweli wote, nilivyomfuta na nilivyomtafuta. Nikawasha. Mama akaleta mbuzi mlangoni, lakini nazi hakuipasua. Akaniuliza hao wengine ni kina nani, nikamweleza mmojammoja na kwao.

"Kwa hiyo huko kote kafika?"

"Kafika, mama."

"Na wote wamemwacha."

"Wamemwacha."

Kisha akasema, "Mie si mjinga, mwanangu. Najua hiyo ni gemu. Lakini nyumba hii mmeacha kumtaja. Mjomba wako anasema yule. Wewe unasema yeye. Ila nikikuuliza kacheza, unanijibu kwa jina lake. Nilikuwa naulizia jina."

Na ndiyo maana hapa pia silitaji hilo jina. Lina wenyewe wa kulisikia.

Jumapili mjomba akaja. Mama akamwambia hitima isomwe, ila ana sharti. Mjomba akauliza sharti gani. Mama akasema, "Waje waliokaa naye." Mjomba akanitazama mie, nikamweleza. Alitaka kusema jambo, akaliacha, akasema kama ni neno la mama yake mtoto basi waalikwe.

Nilikwenda tena kote, nikapeleka taarifa. Walikuja kumi na wanne. Wengine niliwajua siku ile ile, mmoja kweli alitoka Bagamoyo na kuku wawili mkononi. Wanaume walikaa chini ya turubai, hitima ikasomwa, mwalimu wa Masasi katulia pembeni na kofia kaivua, hajui ainamishe kichwa wakati gani na anainamisha tu. Baada ya pilau wakawa wanapita mmojammoja uani, walipokaa akina mama, kumpa mama pole. Na mama kila mmoja anamuuliza swali moja.

"Kwako alichezaje?"

Wakamwambia. Kwangu alikuwa anafungaga kwa kichwa, mama. Kwangu alipewa kadi nyekundu. Kwangu tulichukua kombe, lakini mpira wote alicheza peke yake. Kila mmoja akimtaja kwa jina.

Wa mwisho alikuwa yule Mnyamwezi wa Sinza. Hakutoa pole. Mtani msibani ana kazi yake, na kazi yake ni kumrudisha marehemu watu wamwone. Akaokota kifuu cha nazi, akakitupa chini, akavua viatu. Akainamisha kichwa. Akatanua mikono. Akaanza kukikokota kile kifuu kwa mguu kati ya masufuria, anapinda huku, anakwepa bibi huyu, anakwepa ndoo, hamtazami mtu. Nilisimama wima. Hakuwahi kumwona kaka yangu, hakuwahi, nami nilikuwa namwona kaka yangu pale uani.

Akina mama wakaanza kucheka, mmoja akaita, "Toa pasi!" Wote wakadakia, toa pasi, toa pasi. Hatoi. Mjomba akatokea mlangoni na uso wa kukemea, nikamshika kanzu.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Akaitoa. Akamwita mwanawe kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama anamtuma dukani.

"Toa pasi, baba."

Yule mtani akasimama. Akainama akakiokota kifuu, akaja polepole, akakiweka mapajani mwa mama. Mama akakishika kwa mikono miwili, akalia, kwa mara ya kwanza tangu meli ile iondoke.